Mkunga na Wenyeji wa Tumboni

Kwa miaka yote niliyokaa naye ploti moja kule Nyalenda, Mkunga hakuwahi kuwa na mbwa wake wala paka wake. Nalitaja hili mapema kwa sababu mtu akisikia habari zake atadhani chumba chake kilijaa wanyama. Kilikuwa na kitanda, kigoda kimoja, makarai mawili meupe na msumari wa kutundikia leso. Mnyama aliyeingia mle aliingia kutibiwa, na akipata nafuu alirudishwa kwao siku hiyohiyo.

Sisi wapangaji ndio tuliokuwa na mbwa na paka, na karibu wote walipitia mikononi mwake. Alikuwa na desturi yake ambayo sijaiona kwa Wajaluo wengine wala kwetu Maragoli. Akimzalisha mwanamke, alingoja mtoto akaze shingo, kisha siku moja angetokea mlangoni na kijibwa au kitoto cha paka kwenye kikapu. Alisema mtoto apate kitu cha kukua nacho. Akikiona kinatembea, naye atataka kutembea. Paka alikuwa na kazi nyingine pia, maana panya wa Nyalenda walikuwa hawana adabu hata kidogo, wakimkuta mtu amelala walimtafuna visigino. Lakini ile sababu ya kwanza ndiyo aliyoipenda. Matokeo yake ni kwamba tuliwatunza wanyama hao kuliko ilivyokuwa kawaida yetu. Mimi nilikulia mahali ambapo mbwa ni mtu wa nje, anakula makombo, na akifa watu wanauliza tu ni nani atamtupa. Kwa Mkunga haikuwa hivyo. Kijibwa ulichopewa na mtoto kikifa mapema, ulijikuta unamtazama mtoto wako kwa wasiwasi hata akipiga chafya.

Majirani Wajaluo walimwita nyamrerwa, yaani mwanamke anayezalisha na kuwaganga watoto wadogo. Sisi wa kutoka kwingine tulimwita Mkunga, naye aliitikia yote mawili. Mimi aliniita bibi mpya hata nilipokuwa nimekaa mjini miaka mingi na kupata watoto. Akiwa na moyo mzuri aliniita nyathina, mwanangu.

Mume wangu alikuwa akipakia mizigo bandarini. Aliponileta Kisumu nilikuwa bado msichana, mdomo mkali kama ulivyo leo, na sikuupenda mji ule. Ploti yetu ilikuwa kwenye njia ya Dunga. Kila asubuhi wanawake walipita na beseni za ngege na omena kichwani, maji ya samaki yakiwachuruzikia mabegani, na harufu ile ikaingia mpaka kwenye mto wangu wa kulalia. Siku ya kwanza nilifua nguo za safari, nikainua karai nimwage maji. Mwanamke mrefu, mweusi, mwenye leso mbili kiunoni, akanipigia kelele kutoka chumba cha mwisho.

"Wewe bibi mpya! Hiyo maji ya sabuni usimwage. Leta hapa."

Hakunisalimia wala hakuniuliza jina. Nikampelekea, nikiwa nimenuna. Alikuwa na paka mdogo wa rangi ya majivu aliyelala kwenye leso akitetemeka. Akamzamisha mpaka shingoni katika maji yangu ya kufulia, akamshika hapo huku akimsemesha Kijaluo kwa sauti ya chini. Viroboto wakaanza kupanda kichwani mwa paka wakikimbia maji, na Mkunga akawachukua mmoja mmoja kwa kidole kilicholowa, akawatia kwenye kopo. Nilisimama nikitazama mpaka nikasahau kwamba nimenuna.

Kuhusu wadudu wa nje hakuwa na mzaha. Ukimletea kijibwa, alimgeuza chali juu ya mapaja, akampuliza tumboni ili manyoya yaachane aione ngozi. Alipuliza polepole, kutoka kifuani kushuka chini, na kijibwa kililegea hapohapo hata kama kilikuwa kikali. Kisha alichungulia masikio, katikati ya vidole, na chini ya mkia. Kupe aliwang'oa kwa kucha, taratibu, bila kumpasua hata mmoja, akawatia kwenye kopo la mafuta ya taa. Funza aliwatoa miguuni kwa pini aliyoichoma moto kwanza. Baada ya hapo alikwenda kwenye nyumba yako, na hapo ndipo watu walipoona aibu, kwa sababu alikagua mahali mnyama analala. Gunia la zamani lilichomwa. Sakafu ilikandikwa upya kwa mavi mabichi ya ng'ombe na majivu. Alikuwa na unga wa pareto wa kuulia wadudu ambao mama mmoja muuza ndizi alimletea kutoka Kisii, na aliunyunyiza kidogo tu mgongoni, kwa paka kidogo zaidi, akisema paka anajilamba kupita kiasi.

Chumba cha tatu alikaa dereva wa lori ambaye alijiona mjanja. Alichukua oili chafu ya gari akawapaka watoto wa mbwa watatu, wakawa weusi wanang'aa. Mkunga alipowaona alimfuata mpaka barabarani, na lori lilikuwa linanguruma tayari.

"Bwana, hiyo kitu umepaka, wewe unaweza kunywa?"

"Mama, hiyo ni dawa ya viroboto. Kila mtu anatumia."

"Mimi sijauliza kila mtu. Nauliza wewe unaweza kunywa?"

"Siwezi."

"Sasa hii mtoto iko na taulo ya kujipanguza? Si itajisafisha na ulimi? Zima hiyo gari yako, yawa! Kuja tuoshe."

Na kweli dereva alizima lori, akaja akachuchumaa, wakaosha pamoja kwa sabuni ya kipande mpaka jua likawa kali. Mmoja alikufa, wawili wakapona. Kuanzia siku hiyo dereva hakupita mbele ya mlango wa Mkunga bila kuvua kofia.

Alikuwa mtu wa ajabu kwa jinsi alivyogawa upole wake. Wanyama wachanga walipata sehemu kubwa, sisi tukabakiwa na makaripio. Nilipokuwa najifungua binti yangu nililia, na sikuona kwa nini nisilie. Mkunga akaniambia, "Unalia nini? Mtoto iko mlangoni inasikia, itaona haya kutoka." Nilitaka kumpiga teke. Lakini binti alipotoka akiwa kimya, mwili umelegea, ni yeye aliyemfyonza puani na kumsugua mgongo mpaka akalia, na nilimwona akifuta machozi kwa bega kwa sababu mikono yake ilikuwa na damu. Kisha akanigeukia na kunifokea kwamba nimelalia leso yake nzuri.

Jumapili alivaa nguo nyeupe ya kanisa akakaa benchi la mbele. Aliimba vibaya sana. Wimbo ukiisha yeye alikuwa bado ana maneno mawili matatu, na aliyamaliza bila haraka huku kanisa zima linamngoja. Alikuwa mwoga wa ziwa. Aliishi karibu na maji maisha yake yote ya mjini, lakini mwaka ule ziwa lilipopanda na kuingia mashambani Dunga, alifunga vitu vyake akakaa juu yavyo mlangoni siku nzima, tayari kukimbia, akitutukana sisi tuliokwenda kutazama viboko.

Sasa nifike kwenye minyoo, ingawa nimekuwa nikizunguka.

Mkunga aligawa wadudu makundi mawili. Wa nje, kupe na viroboto na chawa na funza, hao walikuwa wezi. Walitoka kwingine, hawakualikwa, na haki yao ilikuwa kopo la mafuta ya taa. Lakini wa ndani aliwaheshimu. Kwa Kijaluo aliwaita kudni, na akizungumza nasi aliwaita wenyeji.

"Minyoo ni wenyeji ya tumbo," aliniambia. "Wewe umezaliwa na yako, hii paka imezaliwa na yake. Wao ndio wanasaga chakula. Ukiwatoa wote, nani atasaga?"

Haya hakuyatunga yeye. Alifundishwa na mama mkwe wake, ambaye naye alikuwa nyamrerwa, na wanawake wengi wa pale ploti walijua hivyohivyo. Hata kwetu Maragoli nilisikia maneno ya namna hiyo utotoni. Mtoto akiumwa tumbo, ilisemekana wenyeji wamekasirika, pengine wamenyimwa kitu. Basi wanatulizwa. Mkunga alichemsha mizizi fulani michungu, akaipoza, akampa mgonjwa, awe mtoto wa mtu au wa mbwa, kisha akamkanda tumbo kwa samli ya moto. Mara nyingi maumivu yalitulia, na kila mtu alimshukuru.

Na tumbo alilolipenda lilikuwa lile lililokaza. Nakumbuka jinsi alivyogonga kwa kidole tumbo la kijibwa lililojaa na kutuna, akasikiliza, akacheka. "Ngoma!" alisema. "Hii imeshiba. Hii itabweka mpaka Otonglo wasikie." Alifanya vivyo hivyo kwa watoto wetu. Binti yangu alipoanza kutembea alikuwa na miguu myembamba na tumbo limetangulia mbele, nami nilimpeleka kwa Mkunga agonge, nikaondoka nimejaa fahari. Wanawake wengine walipeleka wao pia.

Vijibwa vingine vilikufa. Manyoya yalififia, tumbo likazidi kutuna huku mgongo ukikonda, kisha siku moja kijibwa hakikuamka. Mkunga alikizungushia kitambaa safi na kukizika nyuma, karibu na ua wa minyaa, na siku kama hiyo hakula. Alisema wenyeji wake walikuwa wengi wa hasira, hawakusikia dawa. Hakuna aliyemuuliza zaidi.

Mara moja tu alinisimulia habari za watoto wake. Tulikuwa tumekaa kivulini mwa nyumba tukitoa kupe kwa paka wa jirani, mimi nimeshika miguu. Alisema alizaa wawili, mvulana na msichana. Wote walifikia kutembea na kuongea, wakafa kwa tumbo, mmoja baada ya mwingine.

"Walikuwa watoto wazuri," alisema, akichagua kupe kwenye sikio. "Na matumbo mazuri! Ya kukaza. Mama mkwe wangu alikuwa anagonga hivi, anaita majirani wakuje wasikie."

Aliongea kwa fahari, na mimi nilisikia fahari tu. Nilimpa pole, akaipokea, tukaendelea na paka. Kila nikiikumbuka siku ile naona paka yule amelala ametulia, na mkono wa Mkunga ukichagua kupe, na moyo unaniuma.

Dereva wa lori alipohama, chumba cha tatu alipanga kijana kutoka Nyeri aliyeajiriwa na idara ya mifugo. Kazi yake ilikuwa kuzunguka kwenye majosho na masoko akikagua ng'ombe, kwa hiyo watu wakamwita Daktari wa Ng'ombe, kidogo kwa heshima na zaidi kwa utani. Alikuwa kijana mwema, mpiga mluzi, hakuwa na majivuno. Alipomwona Mkunga akimkagua kijibwa alisimama na baiskeli yake, akatazama mpaka mwisho, akamwambia kwamba hata wakubwa wake hawatoi kupe kwa usafi namna ile. Mkunga akampikia omena. Kijana alikula amefumba macho, kwa sababu kwao hawakuzoea samaki mwenye kichwa, na Mkunga alicheka mpaka akakaa chini.

Wakati huo binti yangu alikuwa na mbwa wake, Popi, jike la rangi ya udongo aliyeletwa na Mkunga siku chache tu kabla. Desturi ilikuwa imechelewa kwake kwa sababu wa kwanza aliyepewa alikuwa mmoja wa wale waliozikwa nyuma kwa minyaa. Alimsahau yule. Binti alimpenda Popi kiasi kwamba hakukubali kula bila yeye, na sahani moja ilikuwa karibu kuwa yao wote wawili, kofi langu ndilo lililowatenganisha.

Popi akaanza kuvimba. Kwanza Mkunga aligonga akasema ngoma, ngoma. Baada ya muda hakusema tena. Alichemsha mizizi yake, akakanda kwa samli, akapuliza tumbo lile kama alivyopuliza siku zote. Popi alitapika kitu cheupe kirefu kilichokuwa kinajinyonga. Binti yangu akapiga kelele. Mkunga akasema ni mmoja tu amepotea njia, lakini uso wake haukuwa na uhakika.

Daktari wa Ng'ombe alikuwa anaegemeza baiskeli ukutani. Akaja, akachungulia.

"Mama, hii ni minyoo imejaa. Nina vidonge huko ndani. Ukimpa leo, kesho zitatoka zote."

"Zote?" Mkunga akauliza.

"Zote kabisa."

"Na chakula itasagwa na nani?"

Kijana alitaka kucheka, akatutazama sisi wanawake, akaona hakuna anayecheka. Akajibu kwa upole, "Itasagwa na tumbo yenyewe, Mama. Tumbo haihitaji msaidizi."

Walibishana pale mpaka jua likageuka. Mkunga hakuwa mtu wa kusukumwa. Alisema ameona mbwa wengi kuliko huyo kijana alivyoona ng'ombe. Alisema dawa ya kufukuza wenyeji ni ya watu wasio na huruma. Binti yangu alikuwa amekaa chini amempakata Popi, anamfukuzia nzi machoni. Mkunga alimtazama mtoto huyo aliyemtoa tumboni mwangu kwa mikono yake. Kisha akainamisha kichwa. Aliponyanyua kichwa alikuwa kama mtu aliyetembea mbali.

"Leta," akamwambia kijana. "Lakini nitampa mimi. Akifa, afe kwangu."

Akafungua mdomo wa Popi, akaweka kidonge nyuma ya ulimi, akaufunga, akampapasa koo kwa kidole kimoja mpaka akameza.

Asubuhi tuliamshwa na binti yangu. Popi alikuwa amesimama kwa miguu yake, anayumba, analamba sufuria ya uji. Nyuma ya mlango, kwenye gazeti tulilotandika, kulikuwa na rundo la minyoo, myeupe, mirefu, iliyosokotana kama uzi wa kufumia ulioangukia maji. Mingine ilikuwa bado inajikunja. Sikuamini kwamba kitu kikubwa namna ile kilikuwa ndani ya mbwa mdogo namna ile. Majirani wakaja kuona. Mmoja alitema mate, mwingine akacheka kwa woga.

Mkunga alileta kigoda chake akakaa mbele ya gazeti. Alichukua kijiti akaitenganisha, mmoja huku, mmoja kule, kwa uangalifu uleule aliotumia kwa kupe. Alimwita Popi, akamlaza chali, akagonga tumbo. Halikutoa sauti. Alibonyeza kwa kidole, kidole kikazama.

"Daktari," alisema, na safari hii hakuwa anatania. "Hii dawa, mtoto ya mtu pia anaweza kupewa?"

"Ya watu iko yake, Mama," kijana akajibu kwa furaha, maana alidhani sasa wamepatana. "Dispensari wanayo. Mtoto anakunywa mara moja, asubuhi inatoka kama hii."

"Ilikuja lini?"

"Ah, hiyo ni ya zamani. Mimi nikiwa mdogo nilipewa shuleni. Hata baba yangu alipewa huko misheni."

"Baba yako."

"Ndiyo, Mama. Ni ya zamani sana."

Mkunga aliendelea kutazama gazeti. Nilimwona akiweka kiganja juu ya tumbo lake mwenyewe, chini, mahali mwanamke anapobebea mtoto, akakishikilia hapo. Sikuelewa mara moja. Kisha nikawakumbuka watoto wake wawili. Akasema neno moja, jina, kisha jina la pili. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kuyasikia, na sitayaandika, yalikuwa yake. Alinyanyuka, akaacha kigoda palepale, akaingia ndani. Daktari wa Ng'ombe alinigeukia akiniuliza kama amesema kitu kibaya. Nilimwambia hapana, na ni kweli hakusema kibaya, maskini, alisema kweli tupu.

Hakutoka siku kadhaa. Tulimwekea uji mlangoni, ukapoa, ukaliwa na kuku. Wajumbe wa kanisa walikuja wakaomba nje. Alipotoka alikuwa amevaa nguo yake nyeupe ya Jumapili, na siku hiyo haikuwa Jumapili. Alimshika binti yangu mkono bila kuniomba ruhusa, akasema tu, "Bibi mpya, twende," tukaenda dispensari kwa miguu. Binti alikunywa dawa akikunja uso. Asubuhi yake nami niliona kilichokuwa ndani ya lile tumbo la fahari yangu. Sitaki kulieleza zaidi. Nilikaa chini nikalia, na Mkunga alikaa nami, na mara hiyo hakunikaripia.

Kisha akaanza kuzunguka. Nyumba hadi nyumba, kila mtoto aliyemzalisha, kutoka Nyalenda mpaka Dunga kwa wanawake waliokuwa wakipasua samaki mchangani. Huko alipiga marufuku paka wadogo kutupiwa matumbo mabichi ya samaki. Aliwaambia watandike upya mahali mbwa wanapolala, wachemshe matumbo hayo kwanza, waoshe mikono ya watoto wakishashika mbwa, wapeleke mbwa kwa kijana na watoto dispensari. Na mwanzo wa yote alisema, "Mimi niliwadanganya. Sikujua, lakini niliwadanganya." Wengi walishangaa. Wengine walicheka wakasema Mkunga amezeeka, maana ni yeye aliyewaambia habari za wenyeji, na sasa anataka wafukuzwe kama watu wasiolipa kodi.

Nilikuwepo alipofika kwa mama mmoja pale Dunga aliyekuwa amezika mtoto miaka ya nyuma. Mama huyo alikuwa na kisu cha samaki mkononi na magamba mpaka kwenye kope. Alimsikiliza hadi mwisho.

"Kwa hivyo yule wangu?" akauliza. "Ulimpa mizizi. Nilikuja kwako mbio, ukampa mizizi."

"Nilimpa."

"Ni wewe uliua?"

Mimi nilitaka kuingilia kati niseme kulikuwa na homa mwaka ule, kulikuwa na surua. Mkunga alinizuia kwa mkono.

"Sijui, nyathina," alimjibu. "Pengine ni mimi. Hata wangu, pengine ni mimi."

Mama yule aliinama akaendelea kupasua samaki. Tukaondoka. Njiani Mkunga hakulia. Nililia mimi, kwa hasira, sijui nilimkasirikia nani.

Baada ya hapo waliomwita kuzalisha walipungua. Wengine walikuwa wameshaanza kwenda hospitali, hilo ni kweli, lakini wengine walimkwepa. Hakulalamika. Aliendelea na vijibwa na paka, akiwapa vidonge kabla ya kuwapeleka kwa mtu, na hakugonga tena tumbo la yeyote. Halafu shemeji yake wa mwisho akafa huko Nyakach, akaambiwa arudi alinde boma. Alitoka ploti akiwa na makarai yake mawili. Chumba chake alipanga fundi wa redio, na kwa muda mrefu mbwa wa majirani walikuwa wakisimama mlangoni pake wakinusa.

Miaka ikapita. Binti yangu alipokuwa darasa la saba niliona vibaya kukaa bila kumwona tena yule mwanamke. Tukapanda basi la Pap Onditi, kule Nyakach, siku ya soko, yeye akiwa na sare ya shule kwa sababu ndiyo nguo yake nzuri, tukauliza njia, tukafika. Mkunga alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba. Alikuwa amepungua sana. Macho yalikuwa yameingia ukungu, lakini alinitambua kwa sauti kabla sijamaliza salamu.

"Bibi mpya! Bado unapiga kelele?"

"Bado, Mama."

"Na huyu ndiye wa Popi?" Alimshika binti uso, akampapasa mashavu, mabega, mikono. "Popi yuko?"

"Yuko, dani," binti akamjibu, akimwita nyanya kwa Kijaluo, na sijui nani alimfundisha. "Amezeeka. Anabwekea tu muuza mkate."

Alicheka, na kicheko chake kilikuwa kilekile. Miguuni kwake kulikuwa na watoto wa mbwa kwenye kikapu. Alitukaribisha chai, tukanywa, tukaongea habari za Nyalenda na nani amekufa. Mikono yake haikuacha kazi. Alimtoa kijibwa mmoja, akamchungulia masikio kwa ncha za vidole, akampa dawa kwa njia ileile, nyuma ya ulimi, akampapasa koo. Kisha bila kubadilisha sauti akaniuliza.

"Wewe ulisoma kidogo, bibi mpya. Wale wangu. Ilikuwa minyoo?"

"Mama, hakuna anayeweza kujua sasa. Malaria ilikuwa inaua watoto wengi."

"Unanihurumia."

"Nakuhurumia, ndiyo. Lakini ni kweli, hakuna anayejua."

Alitikisa kichwa polepole. "Walikuwa wananiamini," alisema. "Ile dawa ilikuwa chungu, mtoto wa mwingine anatema. Wao hawakutema. Wananiangalia, wanakunywa."

Alimgeuza kijibwa chali juu ya mapaja. Alimpuliza tumboni kutoka kifuani kushuka chini, ingawa hakuona tena manyoya yakiachana. Kisha akaweka kiganja chake pale.

"Laini," alisema. "Tumbo ya wangu sikuwahi kuisikia namna hii, nyathina. Hata siku moja. Ilikuwa imekaza tu, na mimi nafurahi."

Binti yangu aliweka kikombe chini. Akasogea akapiga magoti mbele ya kigoda, akamwondoa kijibwa taratibu, akauchukua ule mkono akauweka juu ya tumbo lake mwenyewe, juu ya sare ya shule. Mkunga alibonyeza kidogo, kama alivyofanya kwa Popi asubuhi ile. Kidole kikazama. Hakuuondoa mkono, na binti hakusogea, mpaka tukasikia honi ya basi kutoka sokoni.